Mipangilio ya skrini kwenye Steam Deck: ipi ya kugusa, ipi ya kuacha

Mtu akishaletewa Steam Deck, ile mashine ya mkononi ya kuchezea gemu za kompyuta, na ndugu yake aliye nje, swali huwa ni moja: "Niweke mipangilio gani ya skrini?" Jibu langu huwaudhi wengi. Washa gemu, cheza saa nzima, halafu ndiyo uje tuongee. Ukifungua menyu ile kabla hujajua nini kinakukera, jioni itaisha unaburuta mistari na gemu hujacheza.

Sisemi mipangilio ni upuuzi. Upo mmoja ambao kila mwenye mashine hii anapaswa kuuelewa, nao ni kasi ya skrini.

Deck ya kwanza, ile ya 2022 yenye skrini ya LCD, ina skrini ya inchi 7 inayojichora upya mara 60 kwa sekunde. Gemu jepesi linatoa fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, mambo shwari. Gemu zito linatoa 52 hapa, 45 pale ukiingia mjini kwenye watu wengi. Skrini haina habari, inaendelea na zamu zake 60. Matokeo yake fremu moja inakaa zamu moja, inayofuata zamu mbili, na unapozungusha kamera ukuta unaonekana kurukaruka. Ukilibana gemu lisipite 30, kila fremu inakaa zamu mbili kamili na mtikisiko unaisha, ila mkono unahisi uzito: unabonyeza, mhusika anachelewa.

Mei 2022 Valve, watengenezaji wa Deck, waliruhusu skrini yenyewe ishushwe hadi hezi 40, yaani mara 40 kwa sekunde, na hapo ndipo utamu ulipo. Wengi huiona 40 kama 30 iliyoongezwa chumvi kidogo. Piga hesabu ya muda wa kila fremu: kwenye 60 ni milisekunde 16.7, kwenye 30 ni 33.3, kwenye 40 ni 25. Hiyo 25 ipo katikati kabisa. Unatoka 30 kwa fremu 10 tu, lakini kwa muda wa kusubiri umeshafika nusu ya safari ya kwenda 60. Na kwa kuwa chipu haikimbizwi kufikia 60, betri nayo inapumua.

Kasoro ilikuwa kwamba menyu ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa kasi ya skrini na mwingine wa kikomo cha fremu, na ulitakiwa uujue uhusiano wao kabla ya kugusa chochote. Mpwa wangu aliwahi kuniuliza upi ni upi, nikajikuta namchorea kwenye karatasi. Toleo la 3.5 la SteamOS, mfumo endeshi wa Deck, mwishoni mwa 2023, likaiunganisha. Sasa unachagua fremu unazotaka, mfumo wenyewe unatafuta kasi ya skrini inayogawanyika sawasawa. Kwenye Deck ya OLED, ile ya baadaye yenye skrini ya hezi 90, ukichagua 45 kila fremu inachorwa mara mbili, wala hukuulizwa. Anayetaka mistari yake miwili anaenda kwenye mipangilio ya skrini anaitenganisha. Kwangu hii ndiyo kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote kwenye mashine ile: aliye mgeni hapotei, na fundi hajanyang'anywa kitu.

Wapo wanaosema hata huo mmoja wangeuondoa, mbona Nintendo Switch haina na watu wanacheza? Ni kweli, lakini anayetengeneza gemu la Switch anaijua mashine ambayo gemu lake litachezwa. Hesabu ya fremu ameshaifanya yeye kabla hujanunua. Gemu la kompyuta limeandikwa kwa ajili ya mashine za kila aina, na mara nyingi hakuna aliyekaa kulipimia hiyo iliyo mkononi mwako. Kipimo hicho lazima mtu akifanye, na mtu mwenyewe ni wewe.

Kwenye mashine za mkononi za Windows vurugu ni za aina nyingine. Kikomo cha fremu unaweza kukiweka ndani ya gemu, kwenye programu ya mtengenezaji wa mashine, na tena kwenye programu ya kadi ya picha. Chagua mahali pamoja, kwingine kote zima. Mimi napendelea menyu ya pembeni ya mtengenezaji, kwa sababu unaifikia bila kutoka kwenye gemu. Na kama skrini yako inaisubiri fremu badala ya kufuata saa yake, kama ilivyo ROG Ally ya Asus ya hezi 120, hesabu zote za hapo juu zisikusumbue: gemu likitoa 53, skrini inaifuata 53. Deck haina uwezo huo kwenye skrini yake, hata ile ya OLED.

Rangi, joto la rangi, vichujio vya kukuza picha: acha. Natoa ruhusa moja tu. Ukicheza gemu za zamani za Game Boy Advance, chagua ukuzaji wa namba kamili. Picha yake ni nukta 240 kwa 160. Zidisha mara 5 upate 1200 kwa 800, na skrini ya Deck ni 1280 kwa 800. Inajaa juu mpaka chini bila nukta hata moja kupindishwa, unabaki na utepe mwembamba mweusi kila upande.

Mwangaza wa kujirekebisha wenyewe mimi nauzima. Ndani ya basi, kila kivuli cha mti kikipita dirishani skrini inafifia na kung'aa tena, inachosha macho. Shika kitufe cha Steam, sukuma kijiti cha kushoto juu au chini, umemaliza.

Kabla ya kubadilisha chochote washa wasifu wa gemu husika, la sivyo 40 uliyoiweka kwa gemu zito itakufuata mpaka kwenye gemu la karata. Washa pia ile namba ya fremu pembeni, kiwango cha 1 kinatosha, na ukishaona imetulia, izime. Kwa gemu zito anza na 40 kwenye LCD, 45 kwenye OLED, kisha ongeza kama mashine inaweza.