Shangazi anajibu: Sogea kidogo

Shangazi, shikamoo. Nasoma Helsinki. Kwenye basi watu wako radhi wasimame kuliko kukaa pembeni yangu. Ni ubaguzi?

Marahaba. Huenda ni ubaguzi, sikufichi. Ila kwanza tazama wanavyofanyiana wenyewe. Wafini hata kituoni husimama mbalimbali, na kiti kilicho ubavuni mwa mtu ndicho hukaliwa mwisho. Mmarekani Edward Hall, katika kitabu chake cha 1966, alizipima nafasi hizi: chini ya sentimita 45 ni ya wapenzi na watoto wako, hadi mita 1.2 ni ya marafiki. Kuanzia hapo hadi mita 3.6 ni ya kazini na watu usiowajua. Lakini aliowachunguza walikuwa zaidi Wamarekani wa tabaka la kati, na mwenyewe alionya kwamba vipimo hivyo si vya dunia nzima. Angepanda daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, konda akipiga kelele "sogeeni nyuma, katikati kweupe", na kwapa la mtu liko puani! Mwaka 2017 watafiti walichapisha majibu ya watu karibu 9,000 wa nchi 42. Watu wa Argentina ndio walioridhika kuwa karibu na mtu wasiyemjua kuliko wote, wa Romania wakataka awe mbali zaidi. Basi, wakikwepana wao kwa wao, hiyo ni desturi yao. Ukikwepwa wewe peke yako, umeshajijibu.

Nikiwa kwa wakala wa pesa za simu, aliye nyuma yangu ananihemea shingoni huku naweka namba ya siri. Nikimwambia asogee nitaonekana naringa?

Ringa! Geuza bega, funika simu, sema: "Kaka, samahani, nipishe kidogo nimalize." Akinuna, anune.

Nilimpa mkono mama mmoja Unguja, akaweka wake kifuani na kutabasamu. Nimemkosea nini?

Hujakosa kitu, mwanangu, na yeye hakukudharau. Waislamu wengi hawapeani mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wao, yaani asiye mwenzi wala ndugu wa karibu wasiyeweza kuoana naye. Nawe weka mkono kifuani, uulize habari za nyumbani. Siku nyingine msubiri mwanamke aanze.

Bosi wangu kila akisema nami hunishika bega, siku hizi mkono unashuka mgongoni. Nikijitoa anacheka: "Mbona mkali hivyo?"

Hapa sizungumzii desturi tena. Mwambie mara moja, kwa sauti ya kawaida, mwenzako akisikia: "Bosi, sipendi kushikwa." Andika tarehe, saa na aliyekuwepo. Akiendelea, peleka kwa maandishi kwa mkubwa wake au idara ya utumishi. Tanzania unyanyasaji wa kijinsia ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na akijitetea kwamba ndivyo alivyo kwa kila mtu, muulize kama mkurugenzi naye humshika mgongo.