Mkoba na helmeti ukishuka Vumawimbi

Ndugu yangu, unauliza mkoba na helmeti uviweke wapi ukishuka kuogelea Vumawimbi, ule ufukwe wa kaskazini mwa Pemba, nawe unatoka Mkoani, kusini, na pikipiki. Mzigo mkubwa usiende nao kabisa, uache ulikofikia, ndani ya chumba kilichofungwa. Helmeti ndipo wengi wanapokosea: wanapitisha kufuli kwenye mkanda, na mkanda ni kitambaa, kisu kinaukata mara moja. Kama ni ya kufunika uso mzima, pitisha waya wa kufuli pale mbele ya kidevu, uzungushe kwenye chesisi, siyo kwenye keria inayofunguka kwa spana. Mkono mmoja wa koti upite humo humo. Simu, pesa na leseni tembea navyo.

Njiani funga mkoba kwa mipira miwili ya tyubu iliyopishana, na ncha uzichomeke ndani. Mimi ncha moja iliniachia karibu na msitu wa Ngezi, ikajisokota kwenye mnyororo, gurudumu la nyuma likakaza ghafla. Alhamdulillahi nilikuwa naenda polepole. Simama Konde ukaze upya, maana tyubu hulegea. Ufukweni ukiwakuta wavuvi, wasalimie kwanza, kisha waombe wakuangalizie.