Anti, mbona wamesimama tu? Barua zenu kuhusu Les Misérables ya konseti

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu hapa kwamba Les Misérables, ule mchezo unaoimbwa mwanzo mwisho, mimi huniliza zaidi ukifanywa kwa mtindo wa konseti kuliko ukiigizwa kamili, basi nimeamsha watu. Barua zimemiminika, nyingine za hasira kabisa. Nimechukua nne.

*

Shikamoo Anti. Mimi naishi Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa. Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga ile baridi ya kuvuka 2024 kuingia 2025, nikasema ngoja nimpeleke aone kitu kikubwa cha huku maana kazini kila mtu anausifia huo mchezo. Nikanunua tiketi mbili, bei ya kuuma, mama akajitanda kanga yake mpya ndani ya koti, tukaenda. Anti, tumefika, nyumba hakuna, barabara hakuna, wanamuziki wamekaa hukohuko juu ya steji, na waimbaji wanakuja mbele wanasimama kwenye stendi ya maiki wanaimba wanaondoka. Mama akaninong'oneza, "Hawa wanaanza kuigiza saa ngapi?" Mapumziko akaniuliza tena. Na kiti cha pembeni yangu kuna mama wa Kizungu mtu mzima analia mpaka miwani kaivua, anajifuta kwa mkono wa sweta. Tumerudi nyumbani kimya kwenye gari. Hivi tumeibiwa au sisi ndo hatukuelewa?
— Binti wa Tanga

Marahaba mwanangu. Hamkuibiwa, na wala hamkukosa kuelewa, nataka hilo la pili ulishike vizuri kwa sababu naona kwenye barua yako kuna aibu kidogo na haistahili kuwepo. Mama yako aliona sawasawa kabisa. Wamesimama, ndiyo, na hawaigizi kwa maana tuliyoizoea.

Huu mchezo ulipofunguliwa London, ukumbi wa Barbican, tarehe 8 Oktoba 1985, nusu ya sifa yake ilikuwa ni ile steji inayozunguka. Watu wanatembea na sakafu inatembea, miaka inapita mbele ya macho yako bila mtu kukwambia kwamba imepita, na ile ngome ya mbao na samani ambayo vijana wanaijenga barabarani Paris inageuka unaona na upande wa pili walikolala waliokufa. Waandishi wengi wa magazeti waliuponda, lakini watu wakapanga foleni dirisha la tiketi hivyohivyo. Sasa mtu aliyeambiwa "kuna mchezo mkubwa" hiyo ndiyo picha anayoitafuta, na mama yako aliitafuta usiku mzima hakuiona.

Konseti iliyovuma sana ilikuja miaka kumi baadaye, siku ileile, 8 Oktoba 1995, ukumbi wa Royal Albert Hall. Ilikuwa sherehe ya kumbukumbu. Wakaokoteza waimbaji waliopendwa kutoka huku na huku, wakawavalisha mavazi ya wahusika, wakawapanga mbele ya maiki na okestra nzima nyuma yao na kwaya kubwa nyuma ya okestra, wakasema imbeni. Na waliojaza ukumbi wengi walikuwa wameshaona mchezo kamili, wengine mara kadhaa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Konseti ya mchezo wa zamani inafanyika nusu stejini na nusu kichwani kwa mtazamaji, na yule mama wa miwani alikuja na nusu yake tayari.

Chukua mwimbaji Michael Ball. Mwaka 1985 ndiye aliyekuwa Marius, yule kijana anayependa, mwenyewe alikuwa na miaka 23. Konseti ya 1995 akaimba Marius tena. Mwaka 2019 London walipofanya konseti ukumbi wa Gielgud, kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Desemba, akaja kama Javert, yule askari mgumu anayemwinda Valjean, mfungwa wa zamani ambaye ndiye mhusika mkuu, na hiyo ya kuzunguka kumbi kubwa iliyoanza 2024 amekuwa Javert kwa zamu pia. Ukimsikia leo na ulimsikia ukiwa na miaka ishirini na kitu, unajisikia na wewe ulivyokuwa, nani ulikaa naye, nani hayupo tena. Sijui yule jirani yako alikuwa analilia nini, lakini mimi nililia hivyo Gielgud, nimekaa juu kabisa ambako unaona zaidi vichwa kuliko nyuso, na sikuwa nalia kwa ajili ya Valjean peke yake.

Na kuna jambo jingine ambalo konseti inakupa, mchezo kamili haukupi. Ile sala ya Valjean, anapomwombea Marius amelala asife vitani, kwenye mchezo kijana yuko palepale sakafuni na yeye amekaa karibu naye. Kwenye konseti hakuna kijana, kuna mzee na maiki. Sauti inapanda juu inakuwa nyembamba kama uzi, na kwa sababu wanamuziki wako juu ya steji unawaona, nilimwona mpiga fidla mmoja ambaye zamu yake ilikuwa bado ameinua upinde hewani na hautikisiki, anasikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kitu anachokipiga kila siku. Okestra ikiwa imefichwa shimoni hicho hukioni.

Ila sitetei kila kitu. Vita vya pale kwenye ngome kwa konseti vinapwaya, mataa yanawaka na kuzima na mtu anaanguka hujui kapigwa na nani, na kile kitoto Gavroche kinapokufa anayejua hadithi ndiye anayeumia, asiyejua anashangaa tu mbona kimenyamaza. Kwahiyo naona waandaaji wa konseti za namna hii popote walipo wana wajibu wa kusema wazi kwenye tangazo, kwa maandishi makubwa, kwamba hapa watu wataimba wamesimama, mtu atoe pesa yake akijua.

Sasa mwanangu kwa mama, fanya hivi. Mpigie simu siku una nafasi umsimulie hadithi kwa Kiswahili, polepole, kama yeye alivyokuwa anakusimulia wewe. Mtu kaiba mkate kwa ajili ya mtoto wa dada yake, kafungwa miaka mitano kwa mkate na kumi na minne kwa kujaribu kutoroka, jumla kumi na tisa. Katoka, kila nyumba wanamfukuza, askofu mmoja kampa chakula na kitanda, usiku akaiba vyombo vya fedha vya askofu, kakamatwa, na askofu akawaambia askari hivyo nilimpa mimi, tena kasahau na hivi vinara vya mishumaa. Ishia hapo kwanza, mwache aulize. Akishakuuliza ndo umwekee konseti ya 1995 aisikilize, hata bila kuangalia.

*

Sasa Anti, mimi ni msomaji wako Nairobi. Nimeona konseti ya 2010 ile ya O2 London na kila mahali watu wanasema Nick Jonas, yule wa bendi ya Jonas Brothers aliyeimba Marius, aliharibu kila kitu. Mimi sikuona mbaya hivyo. Ama masikio yangu ndiyo mabovu?
— Msikilizaji, Nairobi

Masikio yako mazima, ndugu yangu. Tuseme ukweli wote wawili. Sauti yake ilikuwa nyepesi kwa kazi ile, na alipangwa na watu wenye vifua vya chuma: Alfie Boe ni mtu wa opera, Norm Lewis akiimba Javert unahisi kiti kinatetemeka, na Ramin Karimloo ambaye ndiye kiongozi wa wanafunzi angeweza kuimba bila maiki na bado angesikika. Uso wa Jonas nao ulikuwa umekaza, na kamera za konseti zinakuja karibu mno, kwenye mchezo wa kawaida mtu wa ghorofani haoni mshipa wa shingo ya mtu.

Lakini wanaomtukana wanasahau vitu. Yule kijana ndo kwanza alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi uliotangulia, na hakuokotwa tu kwa jina la bendi, alishacheza Gavroche Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, akiwa mtoto, na miezi michache kabla ya O2 alikuwa Marius huko London West End. Na hasira za watu nadhani hazikuwa zake hasa. Watu wamekuja kwenye sherehe ya miaka 25 wanataka kusikia sauti walizozipenda, usiku huohuo ndiyo Valjean wanne walisimama pamoja kuimba ile sala, Colm Wilkinson wa 1985 akiwemo, halafu katikati ya kumbukumbu yao anaingia mtu aliyeletwa ili vijana nao wanunue tiketi. Ni kama harusi ya familia ukute mgeni kakaa kiti cha babu. Mgeni anaweza kuwa na adabu zake zote na bado watu wakanuna.

Mimi nafurahi kwamba aliletwa. Wapo wasichana walioufahamu mchezo huu kwa sababu yake, na leo ndio wanaojaza viti. Na ukitaka kujua konseti inavyoweza kumtendea haki mwimbaji angalia Lea Salonga, yule wa Ufilipino: 1995 ni Éponine, yule msichana anayempenda Marius bila kupendwa, 2010 ni Fantine, ambaye ni mama. Ziangalie zote mbili siku moja, ukubwa wa mtu umeingia kwenye sauti na hakuna pambo la steji la kukuficha usiuone.

*

Anti naomba unisaidie, mimi ni mtu wa Zanzibar naishi London. Nimekulia kwenye taarab, wimbo ukinigusa nanyanyuka, nikiweza natunza, na kuimba naimba. Kwenye konseti moja nikaanza kuitikia taratibu, jamaa wa mbele akageuka akanitolea macho na kidole mdomoni. Sasa nikae kama jiwe?
— Mwana wa Unguja

Usikae kama jiwe ila usiimbe. Huko ndivyo mila yao ilivyo, mwimbaji akiimba wengine wote wanapokea, na aliyelipa amekuja kumsikia yule wa stejini. Na wenyewe kwa wenyewe wanagombana kwa hili, mwaka 2023 Manchester onyesho la mchezo mwingine, The Bodyguard, lilisimamishwa karibu na mwisho na polisi wakaitwa kwa sababu kuna watazamaji waliokataa kuacha kuimba juu ya mwimbaji.

Makofi ni halali yako, wimbo ukiisha piga mpaka viganja viwake, konseti inavumilia makofi marefu kuliko mchezo kamili kwa sababu hakuna sakafu inayosubiri kuzunguka. Na mwisho kabisa pale ndipo watu wanafunguliwa. Ile ya 1995 baada ya kumaliza waliingia Valjean 17 kutoka nchi mbalimbali, wanafuatana na bendera zao, kila mmoja anaimba kipande cha ule wimbo wa maandamano kwa lugha ya kwao, Kijapani, Kihungari, Kipolandi na wengine, na ukumbi mzima umesimama. Ningekuwepo pale na mimi ningenyanyuka na noti mkononi, nakwambia kweli.

*

Anti shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mwanza, wengi tumetoka kwenye kwaya, tunataka kufanya mchezo wa kuimba ila hela ya mapambo na steji hatuna. Kuna mwenzetu anasema tukifanya kwa konseti watu watatucheka kwamba ni mazoezi sio onyesho. Ni kweli?
— Katibu wa kikundi, Mwanza

Marahaba wanangu. Mwambieni mwenzenu habari ya Chicago, mchezo wa kuimba wa Wamarekani. Mchezo ule ulifunguliwa New York 1975, ukafika maonyesho 936 ukafungwa, sio haba ila haukuwa gumzo. Mei 1996 kuna mfululizo unaitwa Encores!, wao kazi yao ni kuchukua michezo ya zamani na kuifanya kwa konseti siku chache tu, wakaufanya. Nguo nyeusi, viti, bendi imekaa katikati ya steji, basi. Watu wakapagawa kiasi kwamba Novemba mwaka uleule ukahamia Broadway, tena kwenye ukumbi uleule wa 1975 uliokuwa umebadilishwa jina, na bado unachezwa, bendi bado imekaa palepale stejini. Mchezo wa The Phantom of the Opera ulipofungwa Aprili 2023 Chicago ndio ikabaki yenye umri mkubwa kuliko yote inayoendelea Broadway. Ule umaskini wa mapambo ndio uliowafanya watu wasikie maneno, na maneno yale ya magazeti kumfanya muuaji kuwa staa, Wamarekani walikuwa wametoka juzi tu kuangalia kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, mchezaji maarufu, kwenye televisheni, yakawaingia.

Ila konseti haisamehi, kwa hiyo sikilizeni. Ukiwa na nyumba ya mbao nyuma yako na moshi, sauti ikikwaruza kidogo inapita. Ukiwa na maiki tu kila neno ulilolimeza linajulikana. Fanyeni mazoezi ya matamshi kuliko ya kucheza. Wekeni mtu mmoja wa kusimulia kati ya wimbo na wimbo, sentensi mbili tatu, ili mama aliyekuja kutoka Tanga asiulize mnaanza saa ngapi. Makaratasi ya maneno acheni nyumbani, mwanakwaya akishika karatasi macho yanashuka chini na msikilizaji anayafuata hukohuko chini. Na kama mchezo sio wenu andikeni kwanza kwa wenye haki zake muombe ruhusa, hata kwa konseti, hata kama kiingilio ni bure. Au bora zaidi tungeni wa kwenu, Mwanza ina hadithi.

Mkishapata tarehe nitumieni mapema nipange safari, tiketi yangu nalipa mwenyewe.