Maswali yenu: mgeni akipiga hodi

*"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hii si njia ya kumfukuza mgeni? (Msomaji, Nyakato)*

Hapana, na inauma kuisikia ikitumiwa hivyo. Anayefukuzwa hapewi jembe. Jembe ni la mtu wa nyumbani. Tena katika kanda yetu jembe lilikuwa mali. Wahunzi wa Uzinza, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma hadi Unyamwezi, na watu waliyatoa hata kwenye mahari. Kumkabidhi mtu jembe lako kulikuwa kumwamini.

Methali inaweka mpaka tu: siku mbili anahudumiwa, ya tatu anaingia kwenye kazi za nyumba. Mafundisho ya Kiislamu yana hesabu ya karibu na hiyo: mgeni ana haki ya siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka ya mwenyeji. Mpaka ukijulikana, mwenyeji hanung'uniki na mgeni haoni haya. Wanaoharibu ni wale wanaokaa kimya hadi wiki ya pili, kisha wanalipuka. Siku ya tatu asubuhi sema tu, "Shangazi, leo tunapalilia mchicha, twende wote." Inatosha.

*Wageni wanne wameingia saa moja usiku, ndani kuna dagaa wakavu na unga tu. Nikimbilie sokoni kutafuta sato? (Kirumba)*

Usikimbie. Kumwacha mgeni peke yake sebuleni saa nzima ni kosa kubwa kuliko kumpa dagaa. Salamu kwanza, kiti, maji ya kunywa, ndipo jikoni.

Vikombe vitatu vya dagaa vinatosha watu sita. Toa vichwa na matumbo, maana huko ndiko uchungu unakotoka. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Dagaa walioanikwa ufukweni hubeba mchanga mwingi kuliko wa kwenye chanja, na punje moja chini ya jino huharibu mlo mzima. Wachuje wakauke kabla ya kuwakaanga. Wakiingia na maji, mafuta huruka na wao huvurugika. Watoe, kaanga vitunguu viwili na nyanya nne mpaka rojo liachane na mafuta, warudishe kwa dakika tano, malizia na ndimu.

Ugali wa watu sita: unga kilo moja, maji lita mbili na nusu hivi. Koroga konzi mbili za unga katika maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uji utokote sawasawa ndipo usonge. Ukiharakisha hapo, ugali unanuka unga mbichi.

Maji ya kunawa yamiminwe kwa jagi juu ya beseni, ukianza na mgeni mwenye umri mkubwa. Beseni moja linalotumbukizwa mikono ya wote liacheni kabisa. Kipindupindu tunakijua Mwanza.

*Sangara ni chakula cha asili cha kumkirimu mgeni wa Kanda ya Ziwa? (Nansio)*

Si cha asili. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na sato tunayemnunua zaidi leo naye aliletwa kipindi hicho hicho. Mgeni wa kabla ya hapo alipikiwa ngege, ningu au kambale. Mpikie sangara bila wasiwasi, ila usimwambie ndicho walichokula mababu.

*Ni kweli neno "hospitali" lina uhusiano na ukarimu? (Ilemela)*

Kweli, na "hoteli" pia. Yote yanatoka kwenye neno la Kilatini "hospes", ambalo lilimtaja mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Hospitali za zamani za Ulaya zililaza mahujaji na maskini, si wagonjwa peke yao.

*Kumsindikiza mgeni kunaishia wapi? (Sengerema)*

Pale ambapo usalama wake hauko tena mikononi mwako. Sheria za jadi za nyanda za juu za Albania, zinazoitwa Kanun, zilikuwa kali sana hapa: mgeni akiuawa akiwa bado anasindikizwa, mwenyeji alipaswa kulipiza kisasi kana kwamba ameuawa ndugu yake. Kisasi hatukihitaji, lakini wajibu ule ni wa kweli. Kuishia mlangoni hakutoshi. Mchana mfikishe kituoni na usiondoke kabla hajapanda daladala. Usiku mwite bodaboda unayemfahamu, mkubaliane nauli mbele ya mgeni, kisha mpigie simu kujua kama amefika. Akiwa anavuka kwa kivuko, ulizia safari ya mwisho tangu mchana; mgeni aliyekosa kivuko ni wako hadi asubuhi.