Mkuu, Mji Mkongwe usiuweke siku ya kurudi

Futa hiyo ratiba sasa hivi. Unauliza kama inafaa: Zanzibar, siku tatu ufukweni Nungwi, ya nne mnashuka mjini na mabegi yenu, mnazunguka Mji Mkongwe kwa miguu, halafu boti ya alasiri kurudi Dar? Hiyo ni ratiba yangu kabisa, tena wewe na mchumba wako mmeikopi na makosa yake.

Mimi niliponzwa na rafiki yangu, bingwa wa "nenda tu, mimi nimeshafika". Akaniambia mji ule ni kiganja, saa moja na nusu umeumaliza. Baadaye sana ndipo akakiri kwamba yeye aliishia bustani ya Forodhani, pale ufukweni, kula pweza. Sijamsamehe.

Tuliingilia sokoni Darajani, ukingoni mwa mji, saa nne asubuhi, mimi naburuta sanduku, mke wangu ana begi mgongoni. Mpaka Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, tulikuwa bado tunapendana. Pale tulikaa sana, si mahali pa kupita mbiombio. Kutoka hapo nikafungua ramani ya simu. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, kile kidoti cha bluu kinaruka kama kimepagawa: mara kiko Hurumzi, mara kinaogelea baharini. Mke wangu akasema tuulize. Nikasema njia naijua. (Ndoa ilikuwa na miezi minne, ningesemaje?)

Jaws Corner tulipita mara tatu. Mara ya kwanza wazee waliokaa barazani na vikombe vyao vya kahawa waliitikia salamu. Ya pili wakatabasamu. Ya tatu mmoja akasema, "Karibuni mkae basi, naona pamewapendeza." Mke wangu akakaa kweli. Gurudumu moja la sanduku tulishaliacha huko Kiponda.

Tunafika bandarini Malindi, lango limefungwa, boti inageuza. Tiketi mbili zimekufa, tukakata nyingine mbili, tukalipia chumba ambacho hakikuwemo kwenye bajeti, na Jumatatu kazini nikawa na maelezo ya kutoa. Kutoka bandarini hadi chumbani hatukusemezana. Sanduku nilibeba kichwani.

Kinachouma ni asubuhi iliyofuata. Tulitoka alfajiri mikono mitupu, hatuna pa kuwahi, tukasimama mbele ya milango ile yenye misumari ya shaba mpaka mke wangu akaanza kunisemesha tena. Tukapotea, ndiyo, lakini safari hii tuliuliza tu "Darajani wapi?", kwa sababu mji ule umebanwa kati ya bahari na barabara ya Benjamin Mkapa inayopita Darajani, lazima utokee kimojawapo.

Kwa hiyo mji kwanza, Nungwi baadaye, na mizigo itue kabla ya kichochoro cha kwanza. Hayo mengine uliyouliza, ya kulala mtaa wa Shangani au Malindi, na ya kamera, wengine watakujibu. Tiketi ya kurudi umeshakata?