Maswali ya Wasomaji: Umri wa kanisa husomwaje ukutani?

SWALI: Wataalamu, kijitabu kinasema kanisa moja la parokia huko Uingereza ni la karne ya 12. Mbona picha zinaonyesha mlango wa tao la duara, lakini madirisha yake ni makubwa, yenye matao ya ncha? Tuamini kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, amini vyote viwili. Makanisa hayo yalibomolewa na kuongezwa kipande kipande kwa karne nyingi, kadiri parokia ilivyopata fedha.

Anza na matao. Nusu duara, kuta nene, vidirisha vidogo na nakshi za meno ya msumeno ni kazi ya Wanormani, watu wa Normandia, Ufaransa, walioiteka Uingereza, tangu 1066 hadi karibu 1190; mlango wa kusini wa Kilpeck, Herefordshire, ni mfano bora kabisa. Yakafuata madirisha membamba yenye ncha kama mkuki, kisha, tangu karibu 1275, nakshi za mawe zinazojipinda katika sehemu ya juu ya dirisha. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 14 fito za mawe zinapanda wima hadi kwenye tao, na tao lenyewe linabonyea. Mtindo huo wa mwisho unaonekana vizuri Lavenham, Suffolk, mji uliotajirika kwa vitambaa vya sufu.

Wengi hukosea hapa: wanaupa ukuta umri wa dirisha lake. Mafundi walitoboa kuta kuukuu na kupachika madirisha mapya, kwa hiyo kagua kingo. Mawe yasipofuata safu za ukuta, dirisha limekuja baadaye. Kinyume chake pia hutokea. Ukumbi wa waumini ulipopanuliwa, mlango wa zamani ulifunguliwa jiwe kwa jiwe na kusimamishwa upya katika ukuta mpya. Tazama pia mnara upande unaogusana na ukumbi: alama ya mshazari juu ya paa la sasa ni mahali lilipoegemea paa la awali. Na kingo za mawe zilizo kali mno, zinazofanana zote, zishuku kuwa ukarabati wa karne ya 19.

SWALI: Kwa nini mawe humeguka palipozibwa kwa saruji?

JIBU: Chokaa hupitisha unyevu, saruji huuzuia. Maji hutoka kupitia jiwe lenyewe, chumvi na barafu vinalipasua. Saruji itolewe taratibu kwa patasi, kina kifike angalau mara mbili ya upana wa kiungo kati ya mawe, kisha pajazwe chokaa, kamwe si wakati wa baridi ya kugandisha. Katika Kanisa la Anglikana la Uingereza, kazi hiyo huhitaji kwanza kibali cha dayosisi.