"Ale" Ilikuja, "Luya" Haikuja

Jumapili iliyopita nilichemka. Tamasha la kwaya, ukumbi umejaa hadi watu wamesimama mlangoni, na mimi ndiye mwenye solo ya teno, ile sauti ya juu ya wanaume. Nilifika "Ale". "Luya" haikuja. Kilichotoka ni sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote wakainamisha macho, na jaji mmoja akacheka waziwazi. Nilimwona. Bado namwona.

Usiku huohuo kijana mmoja akaniandikia: "Kaka, nifanyeje niwe teno mkubwa kama Pavarotti?" Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa na habari.

Basi mdogo wangu, sikia. Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, alizaliwa Modena, Italia, mwaka 1935. Baba yake alikuwa mwoka mikate, naye teno mzuri, ila jukwaa lilimtia hofu. Mama alifanya kazi kiwanda cha sigara. Luciano mwenyewe alifundisha shule ya msingi, akauza na bima, huku akijifunza kuimba. Ushindi wake wa kwanza mkubwa aliupata mwaka 1955 kule Llangollen, Wales, akiwa ndani ya kwaya ya mji wao pamoja na baba yake. Kwaya, mmesikia? Wale wanaosema sisi wa kwaya tunapoteza muda, mpo?

Halafu kikamwotea kinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaimba mjini Ferrara, onyesho likaharibika vibaya, akaamua kuacha kabisa. Kinundu kikaja kutoweka, na Aprili 1961 akapanda jukwaani mjini Reggio Emilia kama mhusika Rodolfo katika opera ya La bohème. Mimi nilipopoteza sauti mwaka ule wa homa, niliacha kwaya miezi saba na hakuna aliyenifuata nyumbani kuniuliza. Lakini nilirudi.

Ushauri wangu ni pumzi. Mwaka 1965 Pavarotti alizunguka Australia na Joan Sutherland, mwanamke mwenye sauti ya ajabu, na Pavarotti alikuwa akimwekea Joan mikono kiunoni ili ahisi Joan anavyoishika pumzi. Mimi mwalimu wangu alinilaza chali kwenye benchi la kanisa, akaniwekea vitabu vitatu vya nyimbo tumboni, akasema, "Vipande, vishuke, taratibu." Nilivipandisha mwaka mzima. Ndiyo maana nilipewa solo, si kwa kujuana kama wanavyonong'ona watu fulani. Kwa hiyo: pumzi. Shibe kabla ya kuimba hapana, maji ya barafu hapana, na pumzi tena.

Pumzi hiyohiyo ndiyo iliyompeleka New York mwaka 1972, kwenye opera ya La fille du régiment, akapiga noti ya C ya juu mara tisa katika wimbo mmoja. Watu wakamrudisha jukwaani kwa makofi mara 17. Ninyi mnataka hizo 17, benchi hamlitaki. Mkipewa maikrofoni mnapiga picha kwanza. Mazoezi saa kumi, unafika saa kumi na mbili na chipsi mkononi!

Tuyaache hayo. Desemba 1992, La Scala, jumba la opera la Milano, usiku wa ufunguzi wa msimu, opera ya Don Carlo. Pavarotti, mtu wa miaka 57, dunia nzima inamjua, na sauti ikamkatika. Wale wa roshani za juu, wanaojifanya ndio wenye opera, wakamzomea. Yeye akakubali kwamba kosa lilikuwa lake. Hakusingizia mafua wala vipaza sauti.

Nilisoma habari hiyo Jumatatu alfajiri, sijalala. Asubuhi nikampigia mwalimu wa kwaya. Nilikuwa nimeshapanga kusingizia vumbi la ukumbini, nikaishia kumwambia kweli: wiki ile sikufanya mazoezi hata siku moja, nilijiona nimeshafika. Akanyamaza kidogo, akasema solo ya Krismasi ameshampa kijana mwingine.

Nimemwambia sawa. Ila Alhamisi nitawahi mazoezini, na benchi nitalala mimi.